Safari ya kanivali Trinidad na ngoma tuliyoiacha Mombasa

Mwenzangu mmoja katika idara alinikuta maktabani majuzi nimeinamia ramani ya kisiwa cha Trinidad, na kando yangu kalenda mbili, moja ya Kikristo na moja ya Kiislamu. Akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusikia uvumi: "Daktari, ni kweli unatuacha katikati ya muhula uende ukacheze ngoma barabarani?" Tulicheka sote. Hata hivyo, swali lile lilinifuata hadi nyumbani, na ndilo lililonishikisha kalamu hii.

Ni kweli. Nimo katika matayarisho ya kwenda Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, kuhudhuria kanivali. Safari hii nimeiwaza tangu nikiwa mwanafunzi. Lakini matayarisho yenyewe yamenifunza jambo ambalo sikulitarajia, nalo lanihusu mimi, lamhusu mwalimu mwenzangu, na lamhusu kila mwanafunzi ambaye nyanya yake angali hai. Niwieni radhi basi nikianza mbali kidogo.

Kanivali ya Trinidad huchezwa siku mbili, yaani Jumatatu na Jumanne zinazotangulia Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakatoliki huanza mfungo wa Kwaresima. Taifa lenyewe ni dogo. Lina watu yapata milioni 1.4, takriban theluthi moja ya wakazi wa Nairobi waliohesabiwa mwaka 2019. Katika siku hizo mbili barabara za mji huwa mali ya waendao kwa miguu. Makundi ya wachezaji, mengine yakiwa na maelfu ya watu, hupita kwa maleba yao wakiimba na kucheza hadi kwenye uwanja mkubwa wa Queen's Park Savannah, ambako majaji huwa wamewaketia.

Asili ya sherehe hii ni chungu. Mwaka 1783, Wahispania waliokitawala kisiwa hicho waliwafungulia mlango walowezi Wakatoliki, wengi wao Wafaransa, ambao walikuja pamoja na watumwa wao. Waingereza walikitwaa kisiwa mwaka 1797. Mabwana wa Kifaransa walikuwa na desturi ya kucheza dansi za barakoa majumbani mwao kabla ya Kwaresima. Mtumwa hakuwa na nafasi humo ila ya kuhudumu. Uhuru kamili ulipopatikana tarehe 1 Agosti 1838, wale waliokuwa watumwa waliitwaa sherehe, wakaitoa sebuleni na kuitia barabarani.

Walikuja na mienge, ngoma na fimbo za kupigania, mchezo ambao mtu wa Lamu angeutazama akakumbuka kirumbizi. Maandamano yao yaliitwa Canboulay, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya miwa iliyoungua. Zamani, shamba la miwa liliposhika moto, watumwa walikurupushwa usiku kwa mijeledi na mapembe waiwahi miwa kabla haijaharibika. Sasa watu huru waliuigiza usiku ule ule, wakiwacheka waliokuwa mabwana zao.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Mwaka 1881, askari wakiongozwa na Kapteni Baker walijaribu kuyazima maandamano hayo kwa nguvu, wakawakuta watu wamejitayarisha, na vita vikazuka katika njia za Port of Spain. Mwaka 1884 ikatungwa sheria iliyopiga marufuku ngoma, mienge na mikusanyiko ya watu wenye fimbo. Ngoma za ngozi zilipokatazwa, watu walikata mianzi wakaigonga ardhini. Baada ya mianzi walichukua makopo ya biskuti na vyuma vikuukuu, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamegundua kwamba kifuniko cha pipa la mafuta, kikifuliwa kwa ustadi, kinaweza kutoa noti za muziki. Ndivyo ilivyozaliwa ngoma ya chuma. Mwaka 1992 ilitangazwa kuwa ala ya taifa, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake duniani, tarehe 11 Agosti. Sheria iliyokusudiwa kuiua ngoma ndiyo iliyoizaa ngoma mpya.

Pengine msomaji atauliza: mtu wa isimu anatafuta nini katika kelele hizo? Jibu langu ni kwamba anatafuta maneno, na huko yamejaa tele.

Miongoni mwa wahusika wa jadi wa kanivali kuna Midnight Robber, mnyang'anyi wa usiku wa manane. Huvaa joho na kofia pana ajabu, hukusimamisha njiani, kisha hukumiminia majigambo ya jinsi ardhi ilivyotetemeka siku aliyozaliwa na jinsi alivyowaangusha wafalme. Huwezi kuondoka ila umemtilia kitu mkononi. Kila mwalimu wa fasihi simulizi atakitambua hapo kivugo, na ataitambua sanaa ya ulumbi, ijapokuwa lugha ni Kiingereza cha kisiwa.

Kuna pia Pierrot Grenade, msomi wa matambara. Vazi lake ni vipande vya vitambaa vya rangi nyingi, na kazi yake ni kujionyesha elimu kwa kuendeleza maneno marefu. Hulikata neno silabi moja moja, na kila silabi huitungia kisa, hata watazamaji wakavunjika mbavu. Mbinu hiyo niliijaribu mwaka jana kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikawapa neno "kinyang'anyiro". Darasa ambalo lilikuwa likilichanganya "ny" na "ng'" tangu muhula uanze halikulikosea tena neno lile.

Wa tatu ni Moko Jumbie, anayetembea kwa mironjo, yaani miguu ya miti, kichwa chake kikiwa sawa na madirisha ya ghorofa. Neno "jumbie" lina maana ya mzuka, na wataalamu wengi hulihusisha na "nzambi" na "zumbi", maneno ya Kikongo na lugha jirani zake. Hizo ni lugha za Kibantu, jamaa za Kiswahili. Kuna neno jingine ambalo litawachekesha akina mama wa vyama: huko Trinidad, watu wakizungushiana akiba kwa zamu, husema wanacheza susu, neno lililotoka kwa Wayoruba. Mwanamke wa Port of Spain huweza kungoja zamu yake ya susu alipie maleba. Mimi nangoja zamu yangu ya chama nilipie nauli.

Fauka ya hayo, kisiwa hicho kilimtoa mwalimu ambaye kila mwalimu wa lugha yafaa amjue. John Jacob Thomas alikuwa mwalimu wa shule, mtu mweusi asiye na shahada yoyote. Mwaka 1869 alichapisha sarufi ya Krioli ya Kifaransa, lugha ambayo watu wake waliizungumza majumbani na mabwana wakaiita Kifaransa kilichoharibika. Thomas aliisikiliza, akaipangia kanuni zake, akakusanya na methali zake, akaonyesha kwamba ina utaratibu wake kama lugha yoyote nyingine. Karne moja baadaye, kuanzia miaka ya 1960, msomi Maureen Warner-Lewis aliwaendea wazee wa kisiwa hicho hicho ambao bado walikumbuka nyimbo na maneno ya Kiyoruba na ya Kikongo ya babu zao, akayahifadhi. Lau angechelewa miaka ishirini, asingemkuta mtu wa kumuuliza.

Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini. Nitalirudia.

Sasa niwaeleze wenye hamu jinsi safari yenyewe inavyopangwa, maana haipangwi kwa pupa.

Jambo la kwanza ni tarehe. Kanivali hufuata Pasaka, na Pasaka hufuata mwezi. Kwa hiyo Jumanne ya kanivali yaweza kuwa mapema kama tarehe 3 Februari au kuchelewa hadi tarehe 9 Machi. Mimi nilikuwa nimeukusudia mwaka 2027, ambapo kanivali itaangukia tarehe 8 na 9 Februari. Nilipoifungua kalenda ya pili nikashika kichwa. Ramadhani ya mwaka huo yatarajiwa kuanza siku zizo hizo, mwezi ukiandama. Wataalamu wa asili za maneno hulihusisha jina "kanivali" na maneno ya Kilatini yenye maana ya kuiondoa nyama. Hao wenzangu wangekuwa wakiiaga nyama yao siku ile mimi ninapoanza kufunga. Nikaisogeza safari hadi mwaka 2028, kanivali itakapokuwa tarehe 28 na 29 Februari, siku mbili tatu hivi baada ya Idi. Mwalimu wa shule akumbuke vilevile kwamba tarehe zote hizo zimo katikati ya muhula wa kwanza, hivyo ruhusa iombwe mapema.

Jambo la pili ni njia. Hakuna ndege itokayo Nairobi moja kwa moja hadi Port of Spain. Njia za kawaida hupitia Ulaya au Marekani, na msafiri mwenye pasipoti ya Kenya huenda akadaiwa viza ya kupita hata kama hana haja ya kuuona mji wenyewe. Wakala mmoja wa safari aliniapia kwamba njiani sitahitaji karatasi yoyote. Nilipouliza kunakohusika nikapata jawabu tofauti kabisa. Ni ajabu kidogo kwamba mtoto wa koloni la zamani akitaka kumzuru mtoto wa koloni jingine la zamani, yambidi kwanza abishe hodi kwa wakubwa. Lakini ndivyo ilivyo, na asiyeuliza mapema ataishia uwanja wa ndege.

Jambo la tatu ni malazi na mavazi. Vyumba hujaa miezi mingi kabla, na bei zake hupanda. Anayetaka kucheza katika kundi hujiandikisha na kununua maleba kutoka kwa kundi hilo, na maleba hugharimu mamia ya dola za Marekani. Mengi ya siku hizi ni shanga na manyoya, na kitambaa chake chote hakitoshi leso ya kufutia jasho. Mimi ni mama wa watoto watatu na mzaliwa wa Mombasa. Nitatazama nikiwa kando ya njia. Nitakachokishiriki ni Canboulay, ambayo huigizwa upya kabla ya mapambazuko ya Ijumaa inayotangulia kanivali, na ufunguzi wa Jumatatu uitwao J'ouvert, kutoka kwa Kifaransa, yaani kupambazuka. Huu huanza mwendo wa saa kumi alfajiri, hapa kwetu ikiwa ni saa tano asubuhi. Watu huvaa nguo kuukuu na kujipaka matope na rangi, na profesa hatambulikani na muuza samaki.

Jambo la nne ni afya na sheria. Anayetoka Kenya hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenyewe. Vilevile, nchini Trinidad raia haruhusiwi kuvaa nguo za madoadoa ya kijeshi, hata akiwa mtoto. Mwenye kaptura ya namna hiyo na aiache nyumbani.

Nilipokwisha kuyaandika haya yote katika daftari, niliteremka Mombasa kumjulisha mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama yangu, ambaye umri wake umeshapita miaka 70. Nilimkuta barazani akichagua mchele. Baada ya kumwamkia na kuulizana hali za watoto, nilimfungulia habari.

"Mwanangu," akasema bila ya kuinua macho, "huko si ndiko watu wendako uchi?"

Nikamweleza kwamba si wote, na kwamba mimi nitakuwa mtazamaji.

"Na si ndiko walikotangaziwa hali ya hatari?"

Hapo alinishinda. Ni kweli kwamba kanivali ya mwaka 2025 ilichezwa nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa mwisho wa Desemba 2024 kwa ajili ya magenge ya wahalifu. Nikamwambia nitafuata habari hadi siku ya kuondoka, nitakaa na wenyeji, na sitatembea peke yangu usiku. Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani mazungumzo yamekwisha.

Kisha akaniambia: "Bibi yako alicheza lelemama tangu mwari hata alipozaa mtoto wa nne. Wewe ulimuuliza siku gani?"

Sikuwa na la kujibu. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka 2009, nami nilikuwa ng'ambo nikiandika tasnifu juu ya vishazi rejeshi vya Kiswahili. Kila likizo nilikuja Mombasa na kinasa sauti mkobani. Niliwarekodi wavuvi, wachuuzi na makarani, watu nisiowajua, nikiwaomba waniambie sentensi. Bibi alikuwa akinipikia na kuniuliza kama kazi inakwenda vizuri. Haikunijia kumwomba aseme kitu chochote mbele ya chombo kile.

Kwa faida ya vijana, lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake wa pwani. Wachezaji walijipanga safu, wakatikisika kwa upole, na uzito wa mchezo ulikuwa katika maneno. Kwa nyimbo waliwasifu wenzao, wakawafumba mahasimu, na aliyefanya la aibu mtaani alilisikia likiimbwa. Mombasa ilikuwa na makundi yenye vyeo na viongozi wake, mashuhuri yakiwa Ibinaal Watan na Banu Saada, ambayo yalishindana kwa nyimbo, mavazi na karamu hadi wengine wakaingia madeni. Wanaume nao walikuwa na beni, bendi zilizopita barabarani kwa tarumbeta na mavazi ya kuigiza wanajeshi. Kingi na Skochi zilishindana Mombasa, na huko Tanganyika zikawako Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Maisha ya wanawake wa Mombasa yaliandikwa na Margaret Strobel mwaka 1979, na baadaye Sarah Mirza na Strobel wakachapisha masimulizi ya wanawake watatu wa Kiswahili kwa maneno yao wenyewe. Wengine basi waliziona ngoma hizo kuwa zastahili kuulizwa. Mimi, niliyelala kitanda kimoja na mchezaji wake, sikuona.

Mama mdogo aliendelea kuchagua mchele, kisha akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akafika wa tatu akasita. Alirudi nyuma, akaanza tena, akasita pale pale. "Hapa palikuwa na maneno mengine," akasema. "Sijui yalikwenda wapi." Akapepeta mchele wake, akanyamaza.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini ngoma ya Trinidad ingali hai barabarani ilhali ya bibi yangu imebaki beti mbili barazani. Wapo watakaosema ni maendeleo, kwamba redio na televisheni ziliiua. Lakini Trinidad ina redio na televisheni. Wapo watakaosema ni dini na staha, na ni kweli kwamba lelemama ilikuwa na wakosoaji wake miongoni mwa wazee na wanazuoni. Lakini kanivali nayo imepingwa kwa karne mbili na magavana, mapadri na magazeti. Wapo watakaosema ni fedha za utalii. Hizo zipo, hata hivyo watu waliogonga mianzi baada ya sheria ya 1884 hawakuwa na mtalii wa kumgongea.

Naona tofauti kubwa ni kwamba wao waliipanga ngoma yao. Kanivali, ambayo kwa mtazamaji ni wazimu wa siku mbili, ni kazi ya mwaka mzima. Makundi yana karakana zinazotengeneza maleba kwa miezi. Bendi za ngoma za chuma zina viwanja vyao vya mazoezi, na tangu mwaka 1963 zina shindano lao liitwalo Panorama, ambamo bendi kubwa huweza kuwa na wapigaji zaidi ya 100. Ipo tume ya taifa ya kanivali iliyoundwa mwaka 1991. Zaidi ya yote, watoto wana kanivali yao kabla ya ile ya watu wazima, na shule za msingi na za upili hushindana kwa ngoma za chuma. Mwaka 2021 maradhi ya korona yaliifuta sherehe kabisa. Mwaka 2023 ilirejea kikamilifu, kwa kuwa wenye kuijua walikuwa wengi na wa kila umri.

Wala wao hawakukamilika. Wazee wa Trinidad hulalamika kwamba manyoya na shanga zimewafunika akina Pierrot Grenade, na kwamba gharama imemfukuza mnyonge katika ngoma iliyoanzishwa na wanyonge. Hata hivyo, wanalalamika wakitenda: maandamano ya Canboulay yanaigizwa, wahusika wa jadi wana mashindano yao, na vijana hufunzwa kutunga majigambo ya mnyang'anyi.

Sisi je? Tunalo tamasha la muziki la shule na vyuo, lililoanzishwa mwaka 1927, na sitaki kulibeza, kwa maana bila ya hilo nyimbo nyingi zingekwisha kuzikwa. Lakini sote tunajua mambo yaendavyo. Mwalimu huutafuta wimbo kutoka kwa mwalimu mwingine, huwafunza wanafunzi kwa majuma machache, hupanda jukwaani kwa dakika zilizowekwa, hupata kikombe, na wimbo hurudi katika gunia pamoja na njuga. Mwanafunzi anaweza kufika mkoa wa mbali akiimba wimbo wa kabila jingine, na nyanya yake aliyemwacha kijijini hajaulizwa hata mmoja.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiswahili na wa muziki jambo moja, nalo halihitaji tume wala bajeti. Kila mwanafunzi na aende kwa mzee mmoja, achukue wimbo mmoja. Simu ya mkononi yatosha kuurekodi. Aandike maneno yake yote, jina la mwimbaji akiridhia, mahali, na shughuli ambayo wimbo uliimbwa. Aulize maana ya kila fumbo. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine irudi kwa mwenye wimbo.

Nina sharti moja kama mtu wa isimu: maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa. Mwanafunzi aliyenisaidia kumrekodi mama mdogo alisikia "ndoo" akaandika "njoo", akasikia "mato" akaandika "macho", akidhani anamfanyia hisani. Kimvita si Kiswahili kilichoharibika, kama vile Krioli haikuwa Kifaransa kilichoharibika. Mwalimu Thomas alilifahamu hilo mwaka 1869, naye hakuwa na kinasa sauti.

Nimeshateremka Mombasa mara nne tangu siku ya mchele. Mama mdogo amenipeleka kwa wenzake waliosalia, na mpaka sasa tunazo nyimbo kumi na moja, saba kamili na nne zenye mapengo. Ubeti ule wa tatu tuliupata Kisauni, kwa ajuza mmoja asiyeona tena, ambaye aliuimba wote bila ya kusita, kisha akamcheka mama mdogo kwa kuusahau. Kumbe ulikuwa umemfumba yeye na kundi lake, na ndiyo sababu hakuusahau.

Safari ya Trinidad ingalipo, na mwaka 2028, Mungu akipenda, nitasimama kando ya njia saa kumi alfajiri nikiwa na nguo zangu kuukuu. Lau ningekwenda kama nilivyokusudia awali, ningekwenda mikono mitupu. Sasa mtu wa huko akiniuliza kwetu twaimba nini, nitakuwa na la kumjibu.

Likizo ya Agosti yaja. Ewe mwanafunzi, ukifika nyumbani, keti karibu na mwenye nyimbo, umsaidie kazi aliyo nayo, umwombe akuimbie. Akifika ubeti wa tatu akasita, usimhimize. Ngoja, kisha umuulize ni nani mwingine aliyekuwa akiujua.